Hoteli ya Zamani au Hoteli ya Vioo

Juzi mpwa wangu Safi aliniletea wenzake wa shule ya hoteli. Vijana wazuri, mashati meupe, kola zimepigwa pasi sawasawa (nilizikagua, siwezi kujizuia). Wakaniuliza swali walilopewa darasani: mgeni mwenye uwezo akikuomba ushauri, alale hoteli ya zamani yenye historia yake, au ya kisasa yenye kila kitu kipya, utamjibu nini? Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Swali hilo nililibeba kutoka Kalemie hadi India na kurudi, wakati wa vita, kwa amri ya tajiri aliyekwenda vakansi, yaani likizo ya kustarehe, huku mji unapika matembele bila chumvi. Halijibiwi kwa kikombe kimoja cha chai. Basi nawaandikia ninyi, na wengine wote mnaojiandaa kushika shuka za watu.

Mimi ni Mama Zaina. Nilikuwa mkuu wa vyumba katika hoteli iliyoachwa na Wabelgiji, kilimani juu ya ziwa. Ubaoni ilikuwa na jina la Kifaransa, lakini herufi zilikuwa zikidondoka moja moja, na mji mzima uliiita Hoteli ya Zamani. Kuta nene, dari ya juu, baraza ndefu mbele, na nyuma jengo refu la vyumba vya watumishi.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Alfonsi, mzee wa Kiholoholo aliyetandika vitanda vile tangu enzi za wazungu na hakuwahi kulalia hata kimoja. Alikuwa na sheria zake. Chumba hukaguliwa kwa pua kabla ya macho. Shuka hukunjwa na watu wawili, na wasiwe wamegombana, maana shuka itajua. Mgeni akisema hataki kitu, mpelekee maji. Nilipokuwa mgeni kazini alinituma nitie wanga kwenye shuka. Wanga wa Ulaya ulikuwa umekwisha, nikachemsha unga wa muhogo, na kwa kuwa nilitaka sifa, niliutia kwa moyo wote. Shuka zikakauka zikasimama wima kama milango. Akazilalia hakimu mmoja aliyekuja kwa safari ya kazi, na asubuhi akateremka ngazi akijikuna.

"Mutoto, umemupikia bukari mu kitanda," Papa Alfonsi akaniambia mbele ya watu wote, na bukari ndio ugali wetu. "Inabakia samaki tu."

Liandikeni hili: wanga wa muhogo uwe mwepesi kama maji yaliyooshea mchele, uchujwe kwa kitambaa, na shuka ipigwe pasi ingali na unyevu. Shuleni mtafundishwa mashine. Mashine itaharibika, na muhogo utakuwapo.

Vita vilipofika, kila kitu kiliharibika. Waasi walishika mji, na maji ya bomba yakawa na hiari yake. Yalikuja siku yaliyotaka, yakakaa muda wa kukuchokoza tu. Kwa hiyo Kalemie nzima, tajiri na maskini, tulikuwa na desturi moja: robine, yaani koki ya bomba, huachwa wazi, na chini yake chombo. Ukiifunga, maji yatakuja ukiwa sokoni, yatakukosa, yatamjazia jirani. Hata hotelini tuliacha wazi robine zote za vyumbani, na kizibo kikae mahali pake kwenye benwari, yale mabeseni marefu ya kuogea. Hayakuwahi kujaa. Mgeni tulimpa ndoo na kopo, na maji yenyewe yalichotwa ziwani.

Nani aliyechota? Hapo ndipo penye habari. Mdogo wangu Asha alikuwa ameolewa Kiambi, mume wake mvuvi wa mto Luvua. Kijiji kilipochomwa walifika kwa njia za porini, yeye, mume na watoto, na mali yao yote ilikuwa sufuria na mkeka. Nikawaingiza katika lile jengo la nyuma. Baada yao zikaja familia kutoka Pepa, kule milimani, ambazo ng'ombe wao waliliwa na wanajeshi wa pande zote bila ubaguzi. Wanaume wakachota maji, wanawake wakafua. Hawakulipwa kitu, walilipwa paa. Patron wetu, yaani mwenye hoteli, Papa Kalunga, hakuwafukuza, na haki yake nampa. Bila wao hoteli ingefungwa.

Wageni wetu wakati huo walikuwa maafisa wa waasi, ambao hawakulipa, wafanyabiashara, ambao walilipa kidogo, na watu wa misaada, ambao walilipa vizuri na kulalamika vizuri zaidi.

Sasa huyu Patron. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu na saruji, mtu mnene, si mbaya wa moyo, ila akili yake ilikuwa mali ya mtu wa mwisho kuzungumza naye. Siku moja mtu wa mwisho alikuwa kalenda. Ilitoka ng'ambo, ina picha ya hoteli ya vioo inayong'aa kuanzia chini hadi juu. Akaitundika katika biro, ofisi yake, na kuanza kusema kwamba jengo la nyuma litavunjwa, na mahali pake itasimama hoteli ya etaji, ghorofa juu ya ghorofa, yote vioo.

"Vita itaisha," akasema mezani, wahudumu wote wanasikia. "Muntu wa amani anataka kioo."

"Anataka kioo ajiangalie?" akajibu mke wake, Mama Feza. "Mi nataka hii yetu, waipake rangi, warudishe viti vya zamani. Ya vioo kila mujinga atajenga."

Waligombana hivyo majuma mazima, supu ikipoa. Mwishowe rafiki yao wa Kigoma, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, aliwashauri waende India. Kule, akasema, zipo za aina zote mbili na zote za kifahari. Walale huku, walale kule, kisha waamue.

"Njo vile," Patron akasema, yaani ndivyo. "Tunaenda vakansi. Yenye itashinda, njo ile nitafanya."

"Na Mama Zaina anaenda na sisi," Mama Feza akasema. "Magoti yangu yeye njo anayajua. Na otel anaijua kukupita."

Nilimweleza Asha jambo lilivyo: vioo vikishinda, jengo linavunjwa, na yeye na watoto wako nje. Alikuwa anakamua shuka, hakuinua kichwa, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama siku zote.

"Yaya, unaenda kututetea ao unaenda kutembea?"

"Yote mbili," nikamjibu.

Tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukapanda treni, kisha ndege. Ndani ya ndege nilikagua blanketi lao. Halikuwa limefuliwa.

Hoteli ya kwanza ilikuwa jumba la mfalme wa zamani, mbali na bahari. Mwenyeji wetu, kijana wa ukoo wa yule rafiki wa Kigoma, alitutafsiria kila kitu. Langoni alisimama mtu mwenye kilemba chekundu na masharubu yanayofika masikioni. Walituvisha mashada ya maua, na walipotaka kutupaka alama usoni nilirudi nyuma nikasema mimi mtoto wa Waislamu wa ziwani, maua yananitosha. Mama Feza alilia machozi kwa uzuri wa mahali pale. Patron aligonga kichwa kwenye mlango wa chumba, uliochongwa mfupi ili kila anayeingia kwa mfalme ainame.

Baada ya muda tukasikia kelele kutoka bafuni.

"Ndoo!" Patron alitoka ameishika juu, na kopo ndani yake. "Navuka ziwa, navuka bahari, nakuta ndoo! Hii ndoo imenifuata toka Kalemie!"

"Hata mufalme alioga na kopo, Patron," nikamwambia.

"Basi juu ya hiyo alikufa."

Alfajiri tausi walipiga mayowe juu ya paa. Sakafu ililia kila ukitembea. Mtembezaji wageni alitueleza habari za mfalme, tembo wake na vita vyake, na Patron akauliza ukoo wa mfalme sasa uko wapi. Tukaambiwa unaishi upande wa juu wa jumba, na ndio wenye hoteli.

"Ah! Kumbe historia njo hiyo," Patron akasema. "Kukodisha kitanda cha tate."

Tate ni babu, nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Nikatafuta cha kuliokoa jumba. Nikazunguka nyuma, kama mfanyakazi yeyote wa hoteli angefanya, na nikakuta wanawake wanafua. Lugha hatukuwa nayo, ila shuka tulikuwa nazo. Wao hutia maji ya wali. Niliwaonyesha kwa mikono habari za muhogo. Kisha wakanionyesha walikolala: jengo refu nyuma ya jumba, na watoto, na sufuria, na nguo kwenye kamba. Bibi zao waliishi humo, na mama zao. Nikarudi mbio nikamleta Patron hadi penye kona.

"Patron, angalia. Hata kwa mufalme, nyuma kuna watu."

Akaangalia kidogo, akapiga mwayo, akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Hoteli ya pili ilikuwa Bombay, na hapo nilijua tumekwisha. Mnara wa vioo. Lifti ilitupandisha kimya kimya, Mama Feza kanishika mkono na rozari yake pamoja. Mlango ulifunguka kwa kadi, rido, yaani mapazia, zilijifungua kwa kitufe, mashine ya baridi ilipuliza bila kukoroma. Patron alivua viatu akatembea na soksi, anabonyeza kila kinachobonyezeka.

"Mama Zaina, sikia."

"Sisikie kitu, Patron."

"Njo hiyo! Hakuna kitu kinasikika!"

Nikajaribu dirisha. Halikufunguka, na halikukusudiwa kufunguka. Nikamwambia Patron kwamba nyumba isiyopitisha hewa ni sanduku. Hakunisikia, alikuwa anabonyeza. Nikafunua kitanda nikitafuta kosa, na niseme haki: shuka zao zilikuwa bora kuliko zetu, zimekazwa, hazina harufu ya kitu chochote. Nilikaa pembeni ya kitanda kile nikamwona akilini Asha yuko barabarani na sufuria kichwani. Nililia, na Mama Feza akadhani nimeikumbuka Kalemie.

Siku iliyofuata wakaleta taarifa kwamba maji yatakatwa kidogo, wanasafisha matangi. Patron akaenda kujaribu robine ya benwari. Kavu. Basi akafanya ambacho mtu yeyote wa Kalemie angefanya, hata mimi ningefanya: akaiacha wazi, akaweka kizibo, na tukatoka kwenda kumnunulia Mama Feza sari.

Maji ya mnara si maji ya Kalemie. Yakirudi, yanarudi na nguvu zote, na hayaondoki tena. Tuliporudi, lifti ilifunguka juu ya zulia lililokuwa limeshiba. Vijana wenye tai walikuwa wamepiga magoti na mataulo. Viatu vipya vya Patron vilikuwa vimetoka chumbani na kufika nusu ya korido, kana kwamba vinakuja kutupokea. Chumba cha chini yetu, tukaambiwa, dari yake inavuja juu ya bwana harusi.

Meneja alikuja, mtu mpole, akauliza kupitia kwa mwenyeji wetu kwa nini bwana aliacha robine wazi. Alitaka kuelewa tu. Patron akafungua mdomo. Angeanzia wapi? Aseme mbele ya wageni matajiri waliochungulia milangoni kwamba kwetu bomba huviziwa? Mama Feza alikaa kwenye kiti cha korido akacheka mpaka kitenge kikamfunguka.

"Kalunga, umeleta ziwa huku Bombay!"

"Nyumba gani hii!" Patron akafoka, akitafuta mtu wa kumlaumu na kumpata mnara. "Muntu anafungula robine, nyumba inazama! Kwetu robine inakaa wazi mwaka muzima, na hakuna kitu! Na dirisha haifunguke, maji yatokee wapi? Hii haina akili. Wafalme walikuwa na akili. Wafalme waliweka ndoo!"

Hivyo ndivyo historia ilivyoushinda usasa. Niliswali rakaa za shukrani kwenye chumba kikavu walichotuhamishia.

Asha alinipokea kwa vigelegele bandarini, na usiku ule jengo la nyuma walipika samaki. Furaha yetu haikudumu. Patron alituita wafanyakazi wote barazani, amevaa koti la Kihindi lenye kola ya kusimama. Kalenda ilikuwa imechanwa. Hoteli yetu, akatangaza, ni ya historia, na itaheshimiwa hivyo. Mlinzi wa lango, Papa Musafiri, mstaafu wa reli, atafunga kilemba. Kilemba kilishonwa kutoka pazia la saluni, ule ukumbi wa wageni, na siku ya kwanza alipokwenda nacho nyumbani, waasi walimsimamisha kwenye kizuizi cha barabarani wakamhoji saa nzima ni askari wa jeshi gani. Tulicheka sana habari hiyo. Lakini pale barazani Patron alikuwa hajamaliza.

"Jengo ya nyuma itakuwa mize," akasema, maana yake nyumba ya kuonyeshea mambo ya kale. "Tutaweka benwari ya Wabelgiji, na mapicha. Kwa hiyo watu watoke. Otel ya historia haikae na wakimbizi."

"Patron," nikasema, "kule India, nyuma ya jumba kulikuwa watu."

"Sikuwaona."

"Nilikuonyesha mi mwenyewe."

"Nilikuwa vakansi, Mama Zaina. Muntu wa vakansi haangalie nyuma."

Niliumia, vijana. Ushindi huu niliuomba kwa Mungu mwenyewe, na sasa ulikuwa unamtoa mdogo wangu nje. Asubuhi nikaenda nyuma nikawaambia wote: chukueni mikeka na sufuria, nifuateni.

Nikawaketisha kwenye baraza ya mbele, kando ya meza za watu wa misaada, wakati wa kimanda cha mayai. Kila siku watu wale walipanda magari makubwa kwenda mbali kutafuta waliokimbia vita. Sasa walikuwa nao kando ya kahawa. Uma zilisimama hewani. Mtoto wa Asha akaangalia mkate, na mkate ukasukumwa kwake. Mkuu wao, mama wa Kifaransa aliyejifunza Kiswahili chetu, akaniuliza hawa ni nani.

"Njo watu wenye kufua shuka yako, Mama. Wanakaa hapa nyuma toka mwanzo wa vita."

Patron akatoka biro mbio, vifungo vya shati vimepishana, kidole kiko juu tayari kufukuza. Yule mama akainuka akamshika mkono ule ule kwa mikono yake yote miwili.

"Papa Kalunga! Umewachunga hawa watu muda huu wote, na hukumwambia hata muntu?"

Patron akamwangalia. Akaniangalia mimi. Kidole kikashuka pole pole na kujiunga na vingine.

"Mama," akasema, "mi siko muntu wa kujisifu."

Birika la chai lilitaka kuniponyoka. Walipiga picha, Patron katikati, mtoto wa Asha kifuani mwake, analia. Tangu siku hiyo wale wageni hawakutaka kulala kwingine, na wakaleta wenzao. Patron akaelewa upesi. Ikawa kila mgeni mpya anatembezwa: "Hii ngazi ni ya Wabelgiji. Hii benwari ni ya Wabelgiji. Na hawa njo wakimbizi wetu." Mize yake aliipata hivyo. Asha alikuwa akipigwa picha huku anafua, na akajifunza kuinua uso. Ilinichoma, lakini mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati na si juu ya watoto, nami nikaendelea kukunja shuka.

Basi mkiniuliza ya zamani au ya kisasa, mjibuni mgeni wenu kwa ukweli: alale penye shuka safi na maji ya kuoga, mengine ni mapambo. Wafalme wa kale na mafundi wa vioo hawatamfunika blanketi. Ila wewe utakayefanya kazi humo, kabla ya kusaini, zunguka nyuma ya nyumba.

Amani ilikuja. Makaratasi yakatiwa saini mbali na sisi, askari wa kigeni wakaondoka, na mfanyabiashara mwingine akafungua hoteli ya vioo kwenye barabara ya bandari, ina jenereta na intaneti. Watu wa misaada wakahamia huko. Waliniaga vizuri, mkuu wao alilia, akaniachia shali, akasema moyo wake umebaki katika hoteli yenye historia. Mizigo yake ilikuwa tayari garini.

Juma lile lile Patron alikuja jengo la nyuma, kofia mkononi. Vita imeisha, akasema, watu warudi kwao. Mama Feza alimsihi, nami nilimsihi. Kwao Asha kulikuwa majivu, na wote tulijua. Lakini mtu wa mwisho kuzungumza naye alikuwa mnunuzi wa jengo.

Nilimkuta Asha amekaa chini, anafunga mkeka kwa kamba, watoto wamesimama pembeni wameshavaa nguo za safari. Nikapiga magoti nikashika upande wa pili wa mkeka, tukakunja pamoja, kama shuka. Hakulia. Alikaza fundo, akaniangalia, akanong'ona kana kwamba anaomba kitu kidogo jikoni:

"Yaya, hii amani, hawangeichelewesha kidogo?"